Grafu za Stata zinafika Excel zikiwa kubwa kupita kiasi: anza na sentimita, pikseli baadaye

"Shikamoo mtaalamu. Nipo Tanga, nashughulika na takwimu za samaki wanaoshushwa kwenye madiko 14. Kila robo mwaka nachora grafu 14 kwenye Stata, ile programu ya takwimu, moja kwa kila diko, natoa kwa amri ya graph export na naweka width(3000) kwa sababu niliambiwa namba ikiwa kubwa ndo grafu inakuwa kali. Halafu naziingiza Excel kwa amri ya putexcel. Zikifika huko ni kubwa mno, moja inafunika jedwali lote na inapanda juu ya mwenzie. Nazivuta kona moja moja mpaka usiku na bado hazilingani. Mbaya zaidi nikimtumia bosi anasema kwake zimebanwa kama zimekaliwa, na akiprinti, mwezi wa Disemba unaenda ukurasa wa pili. Nikipunguza width nasikia grafu itakuwa na ukungu. Nifanyeje?"

Marahaba mdogo wangu. Pole na hizo usiku za kuvuta kona, nazijua, na nikwambie mapema kwamba hujakosea hesabu wala Stata yako haina ugonjwa. Ulichonacho ni matatizo matatu tofauti yamekaa kwenye faili moja ndo maana ukitibu moja lingine linaibuka: grafu ni kubwa, grafu inabanwa ikifika kwa mtu mwingine, na unaogopa kuipunguza isije ikapoteza ukali. Kila moja lina chanzo chake.

Nianze na hilo la width(3000) maana ndo mzizi. Wengi wanaamini hiyo namba ni ubora. Hapana, hiyo ni idadi ya pikseli, vile vinukta vinavyojenga picha, kwa upana, basi. Chukua mkeka. Mtu akikwambia mkeka wangu una ukili 30, hujajua bado upana wake mpaka ujue kila ukili una upana gani, maana ukili mwembamba 30 unakupa kimkeka cha kuswalia na ukili mpana 30 unakupa mkeka wa kulalia watu watatu. Pikseli ndo ukili wenyewe. Idadi peke yake haisemi ukubwa, lazima kuwe na mtu anayeamua kila pikseli itachukua nafasi kiasi gani kwenye karatasi, na kwa hali yako mtu huyo ni Excel, na Excel picha isipokuja na maelekezo mengine inahesabu pikseli 96 kwa kila inchi. Sasa gawa 3000 kwa 96. Unapata inchi 31 na robo, yaani sentimita 79. Karatasi ya A4 ina upana wa sentimita 21, kwa hiyo grafu yako moja inataka karibu karatasi nne zilizopangwa ubavu kwa ubavu!

Tuiangalie kwenye shiti yenyewe. Kolamu ya kawaida ya Excel, ile ambayo hujaigusa, ina upana wa 8.43 ambao ni pikseli 64, na mstari wa kawaida una pointi 15 ambazo ni pikseli 20. Grafu ya Stata kwa umbo lake la zamani ni inchi 5.5 kwa 4, hivyo ukisema width(3000) urefu unajipanga wenyewe kuwa pikseli kama 2182. Weka hiyo picha kwenye A1 uone: inaanza kolamu A inaishia AU, na inashuka mpaka inagusa mstari wa 110. Kama grafu ya pili uliiambia ikae A20, basi ipo palepale juu ya ya kwanza, na ya tatu juu ya hizo mbili. Hilo ndo unaloliona.

Na putexcel hapo haikufichi kitu. Maelezo yake yanasema wazi kwamba picha inawekwa kona yake ya juu kushoto ikiwa imegusana na kona ya seli uliyoitaja, na kwamba haibadilishwi ukubwa. Haina sehemu ya kuandika upana. Watu wanaitafuta kwa sababu putdocx, ndugu yake wa upande wa Word, inayo width na height, kwa hiyo mtu anadhani na huku ipo ila hajaiona. Haipo. Ukubwa lazima uuamue kabla picha haijaingia Excel, au uurekebishe baada ya kuingia.

Sasa ushauri wangu mkubwa ambao ningependa uushike hata ukisahau mengine yote: usianze na pikseli, anza na karatasi. Chukua A4 na rula ya plastiki, ile ya shule. Excel ikiwa na pambizo zake za kawaida inaacha inchi 0.7 kushoto na 0.7 kulia, kwa hiyo kwenye upana wa inchi 8.27 unabaki na 6.87, sawa na sentimita 17 na nusu hivi. Pima, weka alama kwa kalamu. Ndani ya hapo ndo grafu yako inaishi kama ripoti inasimama wima. Mimi napenda inchi 6 kwa 3.5, yaani sentimita 15 na kidogo kwa 9 hivi, kwa sababu moja nzuri sana: inchi 6 mara 96 ni pikseli 576, na 576 gawa kwa 64 ni kolamu 9 kamili bila kubakiza. Grafu inakaa A mpaka I, na kushuka chini inachukua pikseli 336, mistari 17 haijafika. Ukiruka mistari 20 kati ya grafu na grafu zinapangika zenyewe na nafasi ya kupumua inabaki.

Ukishajua hivyo, do-faili yako, yaani lile faili la amri za Stata, inakuwa fupi tu:

putexcel set ripoti.xlsx, sheet(grafu) replace
local r = 1
levelsof diko, local(orodha)
foreach k of local orodha {
    graph bar (mean) kilo if diko=="`k'", over(mwezi) title("`k'") xsize(6) ysize(3.5)
    graph export "`k'.png", width(576) replace
    putexcel A`r' = image("`k'.png")
    local r = `r' + 20
}

Hapo nimechukulia kwamba diko ni jina lililoandikwa kwa herufi, Sahare, Kigombe, Tongoni na kadhalika, na kilo na mwezi ndo majina ya vigezo vyako, badilisha uweke ya kwako. Kama Stata yako ni ya matoleo ya nyuma neno image halikubaliki, andika picture. Angalia vitu viwili kwenye hiyo kodi. xsize na ysize ni inchi, zinatoa umbo. width ni pikseli, inatoa idadi. Ukitaja width peke yake bila height Stata inatunza uwiano, kwa hiyo usitaje zote mbili, maana ukizitaja zikapishana na umbo la grafu unapata grafu iliyovutwa na herufi zilizonenepa.

Sasa najua unawaza nini. "576? Si itakuwa na ukungu?" Jibu la kweli ni kwamba inategemea inaenda wapi. Kama bosi anaifungua kwenye skrini kwa zumu ya asilimia 100, pikseli 576 zinatosha kabisa, hata ungempa 3000 kwenye skrini ya kawaida asingeona tofauti kubwa. Ikienda kwenye printa hapo ndo utaona nguzo zina kingo zenye meno na majina ya miezi yamevimba kidogo, maana 96 kwa inchi ni chache kwa karatasi. Kwa hiyo kama ripoti inaprintiwa, na ya kwako inaprintiwa, toa mara mbili: width(1152). Ikifika Excel itakuwa inchi 12, halafu uishushe kwa asilimia 50 irudi inchi 6. Hapo una pikseli 192 kwa inchi na grafu ya nguzo inatoka safi kabisa. Kwenda mpaka 3000 kwenye inchi 6 ni pikseli 500 kwa kila inchi, ni mzigo tu, faili linanenepa na printa ya ofisi haina cha kukufanyia na ziada hiyo.

Hapa nisahihishe jambo ambalo nalisikia sana, eti ukivuta kona kupunguza picha unaiharibu. Hapana. Ukiipunguza kwenye Excel pikseli zote zipo, zimesogeleana tu, mkeka uleule ukili umekuwa mwembamba. Kinachoharibu ni kinyume chake, kuchukua picha ndogo ukaivuta iwe kubwa, hapo hakuna pikseli mpya zinazozaliwa, zilezile zinanenepa. Na kuna kingine cha kimyakimya: Excel yenyewe ukisevu huwa inabana picha, na kwenye matoleo mengi kiwango cha kawaida ni pikseli 220 kwa inchi. Kwa hiyo hata hizo 3000 zako huenda zilipunguzwa bila wewe kujua. Kama hutaki, nenda File, Options, Advanced, shuka mpaka Image Size and Quality, weka tiki kwenye Do not compress images in file. Hii inashika kwa faili hilo tu, faili lingine unaweka tena.

Basi umeingiza grafu 14 za width(1152), na kule juu umebadilisha hatua iwe mistari 40 badala ya 20 ili zisipandane kabla hujazishusha. Usizivute kona. Kona ndo zinafanya zisilingane, mkono hauwezi kurudia kipimo kilekile mara 14. Nenda Home, Find & Select, Go To Special, chagua Objects, bonyeza OK, zote zinashikwa kwa mpigo. Ingia kwenye Size and Properties, hakikisha Lock aspect ratio ina tiki, andika 50 kwenye Scale Height. Zote zinashuka pamoja. Angalizo, Objects inashika kila kitu kinachoelea kwenye shiti, kama umeweka nembo ya ofisi nayo itashuka, kwa hiyo nembo weka kwenye shiti nyingine au uiachie kwa Ctrl na kuibofya.

Kwa sababu wewe unarudia kazi hii kila robo mwaka mimi ningekushauri makro ndogo, yaani amri zinazojiendesha ndani ya Excel. Bonyeza Alt na F11, ingiza moduli, bandika hii:

Sub PangaGrafu()
    Dim p As Shape
    For Each p In ActiveSheet.Shapes
        If p.Type = msoPicture Then
            p.LockAspectRatio = msoTrue
            p.Width = 432
            p.Placement = xlMove
        End If
    Next p
End Sub

Usishtuke kuona 432. Makro inapima kwa pointi, na inchi moja ni pointi 72, kwa hiyo inchi 6 ni 432. Ukiangalia vizuri utaona kitu kimoja kinaitwa majina matatu, inchi 6 kwa Stata, pikseli 576 kwa picha, pointi 432 kwa makro, na watu wanapotea hapo kwa sababu wanachukua namba ya nyumba moja wanaipeleka nyumba nyingine. Andika hizo tatu kwenye karatasi ubandike mezani kwako. Faili la xlsx halibebi makro, na ni vizuri, endesha, sevu kama xlsx, mtumie bosi, hataona onyo lolote.

Ule mstari wa Placement ndo unaotupeleka kwenye malalamiko ya bosi, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu hili ndo watu wengi hawalijui kabisa.

Picha kwenye Excel haikai ndani ya seli, inaelea juu yake, ila imefungwa kamba. Swali ni imefungwa kwa kamba ngapi. Ukitaka kuliona kwa macho tengeneza nakala ya faili lako, badilisha jina liishie .zip badala ya .xlsx, lifungue. Ndiyo, xlsx ni zipu tu ya kawaida. Ndani ingia xl kisha media utakuta grafu zako zote ni PNG zilezile, halafu rudi uingie drawings ufungue drawing1.xml hata kwa Notepad. Utaona maneno yamebanana lakini tafuta neno Anchor. Likiwa twoCellAnchor na halina editAs="oneCell" pembeni yake, maana yake picha imefungwa kona mbili, kona ya juu kushoto kwenye seli moja na ya chini kulia kwenye seli nyingine, yaani faili halisemi "grafu ina sentimita 15", linasema "grafu inaanzia hapa inaishia pale". Likiwa oneCellAnchor imefungwa kona moja tu na ukubwa umeandikwa pembeni kwa namba ndefu, na hizo namba zinahesabiwa 360000 kwa kila sentimita, 914400 kwa kila inchi. Ukikuta 5486400 ujue hiyo ni inchi 6 yako.

Sasa mfikirie bosi. Amefungua faili, anataka kuona Sahare peke yake, anaweka filta, mistari mingine inajificha. Grafu iliyofungwa kona mbili ikiwa imekalia hiyo mistari inafanyaje? Kona ya chini inapanda juu kuifuata seli yake, na grafu inabanwa inakuwa kama dagaa. Au kapanua kolamu B ili majina yasikatike, grafu nayo inatanuka nguzo zinakuwa nene. Hata bila kugusa kitu inaweza kutokea, kwa sababu upana wa kolamu unapimwa kwa upana wa tarakimu za fonti ya kawaida ya faili, na kompyuta yake ikiwa haina fonti hiyo au inafungua kwa programu nyingine, kolamu zinakuwa na upana tofauti kidogo na kamba ya pili inavutwa. Hivyo bosi alikuwa sahihi na wewe ulikuwa sahihi, kila mtu aliona kilichokuwa kwenye skrini yake.

Dawa ni kufungua Size and Properties, chini kwenye Properties, uchague Move but don't size with cells. Hiyo xlMove kwenye makro ndo inayofanya kazi hiyo. Grafu itasogea na seli yake lakini haitabanwa. Na ingawa makro inatosha, mimi bado ningeweka grafu shiti yake na majedwali shiti yake, jina moja grafu na jingine data, ili mtu achuje data anavyotaka huku grafu zimetulia. Ukifanya hivyo hata habari ya grafu kufunika jedwali inaisha.

Kabla hujamwambia mtu kwamba kwake grafu ni kubwa kuliko kwako, mwombe aangalie kwanza zumu pale chini kulia. Wewe una 70 yeye ana 130, mnagombana bure. Ukweli upo kwenye sentimita za dirisha la Size, siyo kwenye jicho.

Disemba kwenda ukurasa wa pili sasa utakuwa umeshaelewa, grafu ilizidi zile inchi 6.87. Kuna watu watakwambia weka Fit to 1 page wide uachane nayo. Fahamu inachofanya: inapunguza shiti yote, majedwali na maandishi na grafu pamoja. Kwa grafu yako ya inchi 31 Excel ingelazimika kushusha kila kitu mpaka asilimia 22, na herufi za pointi 11 kwenye jedwali zingetoka pointi 2 na nusu hivi. Nimewahi kushika ripoti ya namna hiyo, imeprintiwa kwenye duka la steshenari Ngamiani, rangi nzuri, karatasi nzuri, na mzee mmoja wa diko akaisogeza mpaka puani akanirudishia. Iliniuma, kwa sababu zile namba zilikuwa za samaki wake. Tumia Fit to width kama mkanda wa mwisho grafu ikiwa imezidi kwa kidogo, siyo kama njia ya kuikunja.

Kuhusu herufi ndani ya grafu. Kuongeza width hakuongezi herufi wala kuzipunguza, kwa sababu Stata inapima maandishi kwa asilimia ya upande mfupi wa grafu. Ukiandika size(medsmall) ni kama asilimia 3.5, na upande wako mfupi ni inchi 3.5 ambazo ni pointi 252, kwa hiyo herufi zinatoka kama pointi 9, zinasomeka. Kuanzia Stata 16 unaweza kuandika size(10pt) moja kwa moja, na ni nzuri, ila hapo uwe mwangalifu, ukichora kwa xsize(12) halafu ukaipunguza nusu kwenye Excel ile 10 imekuwa 5. Ndo maana nasisitiza chora kwa ukubwa ambao utaishia kwenye karatasi, unachoongeza ni pikseli peke yake. Na kama miezi 12 inabanana chini ya nguzo, tatizo siyo ukubwa, andika kifupi Jan, Feb, Mac, au zigawe kwa msimu, kaskazi na kusi, maana kwa wavuvi wa huku hiyo ndo kalenda yenyewe na grafu itasema zaidi.

Kuna njia nyingine nikuwekee wazi uchague mwenyewe. Ukiwa na Windows, Stata inatoa pia .emf, ambayo siyo pikseli bali ni michoro ya mistari, unaikuza unavyotaka haipati ukungu. Ni nzuri ukiiingiza kwa mkono kwenye Excel ya Windows, ila ukimpelekea mtu wa Mac au anayefungulia simu inaweza kuonekana vibaya, kwa hiyo kwa ripoti ya watu wengi mimi nabaki na PNG. Njia nyingine ni kutochora Stata kabisa: fupisha data kwa amri ya collapse, toa namba kwa export excel, chora ndani ya Excel. Faida yake ni kwamba bosi akitaka kubadilisha rangi au kuondoa diko moja anafanya mwenyewe. Hasara ni kwamba unachora 14 kwa mkono kila robo, au unatengeneza kiolezo kizuri mara moja ukibadilisha data tu. Kama bosi wako ni mtu wa kuchezea namba, fikiria hii kwa uzito, inaweza kukuondolea simu nyingi kuliko hizo nyingine zote.

Wenye programu nyingine nao wapate kidogo. SPSS ikitoa kwenda Excel grafu zinaenda kama PNG kwa ukubwa ziliokuwa nao, na ile sehemu ya kuandika asilimia ya picha ni ya kutoa grafu peke yake, kwenye Excel haikusaidii, kwa hiyo panga ukubwa kwenye sintaksi ya GGRAPH, weka PAGE: begin(scale(576px,336px)) mwanzo na PAGE: end() mwisho. SAS na ODS EXCEL andika ods graphics / width=6in height=3.5in; kabla ya kuchora, usipoandika inatoa 640 kwa 480, na ujue haigusi grafu za zamani za GCHART na GPLOT, hizo zinasikia goptions na hsize na vsize. Wa R ndo mna raha kuliko wote, openxlsx ina insertImage yenye width, height na units, mnataja sentimita mnalala.

Lini uache kuhangaika peke yako? Kama faili ni kiolezo cha mfadhili kimefungwa kwa nywila na hakikuruhusu kugusa picha, usitafute njia ya kukivunja, waandikie waliokituma wakupe nafasi ya grafu kwa sentimita, wanazo. Kama kompyuta ya ofisi imezuia makro nenda kwa mtu wa TEHAMA wa ofisi, tumia ile njia ya Go To Special wakati unasubiri. Na kama Excel ikifungua faili inakwambia imekuta tatizo kwenye yaliyomo na inataka kukarabati, simama hapohapo, usibonyeze ndiyo kwenye nakala yako pekee, weka nakala pembeni kwanza maana ikikarabati inaweza kutupa picha zote. Ikijirudia kila mara keti na mtu mwenye uzoefu mkiangalia do-faili mstari kwa mstari, jambo hilo halitatuliki vizuri kwa simu.

Ukienda kwa huyo mtu beba vitu vitatu: do-faili, PNG moja kama ilivyotoka Stata, na ukurasa mmoja ulioprintiwa. Faili la data lenye majina ya wavuvi na namba za vyombo vyao liache ofisini, na usilirushe kwenye grupu la WhatsApp ili usaidiwe haraka, tengeneza data ya mfano yenye madiko mawili inatosha. Na grafu ukizituma WhatsApp zitume kama dokumenti, ukizituma kama picha zinabanwa njiani na bosi atakwambia tena zina ukungu.

Jaribu kwanza kwa diko moja, width(1152), shusha kwa 50, printi, halafu weka rula juu ya karatasi. Ikisoma sentimita 15 na milimita 2, endesha zote 14.